Kulinganisha shule za msingi za kata moja: anzia darasa la kwanza, siyo la saba

Katika miji midogo kama Ilula, Igurusi au Tukuyu, mzazi huwa na shule mbili au tatu za serikali ambazo mtoto anaweza kuzifikia kwa miguu. Zote hazina ada, zote zinafuata mtaala mmoja, na walimu wake wanaajiriwa na serikali ile ile. Hata hivyo, mtoto wa shule moja anaweza kusoma hadithi nzima akiwa la pili, na jirani yake wa shule nyingine akafika la nne bado anaunganisha silabi. Wazazi wengi huzipima kwa swali moja tu: mwaka huu imefaulisha wangapi? Swali hilo lina nafasi yake, ila siyo nafasi ya kwanza. Mtoto unayemwandikisha leo anakwenda kukutana na mwalimu wa darasa la kwanza. Asipojua kusoma mwisho wa la pili, miaka inayobaki ni ya kufukuzia wenzake.

Tenga asubuhi moja kwa kila shule. Beba daftari, kalamu na simu yenye saa ya kuhesabu dakika. Fanya kazi hii kati ya Julai na Septemba, kabla uandikishaji wa Oktoba haujaanza na ofisi ya mwalimu mkuu haijajaa watu.

Matokeo ya la saba: yasome, lakini yasome vizuri

Matokeo yako wazi kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani (NECTA), necta.go.tz. Fungua sehemu ya matokeo, chagua PSLE (mtihani wa kumaliza la saba), kisha mwaka, mkoa, halmashauri, halafu shule. Kila shule ina namba inayoanza na PS. Iandike, kwa sababu majina hujirudia na unaweza kujikuta unasoma matokeo ya shule ya wilaya nyingine.

Mtihani una masomo sita yenye alama 50 kila moja, jumla 300. Kwa mfumo huo, aliyepata 241 na kuendelea ana A, 181 hadi 240 ni B, 121 hadi 180 ni C. Hao ndio waliofaulu. D na E hawakufaulu. Usiishie kwenye asilimia ya ufaulu. Shule mbili zinaweza kuwa na asilimia 80 kila moja, moja ikiwa na B nyingi na nyingine C tupu za alama 125. Wastani wa shule utakuonyesha tofauti hiyo. Kisha shuka kwenye jedwali la masomo, uangalie Hisabati na Kiingereza. Kiswahili huinua wastani wa karibu kila shule, lakini masomo haya mawili ndiyo yanayoonyesha kama kuna mwalimu anayefundisha kweli.

Mtego wa kwanza ni kulinganisha ufaulu wa la saba na ule wa Upimaji wa Darasa la Nne. Kwenye la nne, D nayo huhesabiwa ufaulu. Ndiyo maana shule ile ile huonekana ina asilimia 90 huku na 65 kule, na mzazi akadhani watoto wanaharibikia la tano.

Mtego wa pili ni idadi ndogo. Shule ya kijijini yenye watahiniwa 20 hupanda au kushuka kwa asilimia 5 kwa kila mtoto mmoja. Wanne wakiugua malaria wiki ya mtihani, shule "imeporomoka" kwa asilimia 20. NECTA yenyewe imekuwa ikitenganisha shule zenye watahiniwa chini ya 40 na zile zenye 40 au zaidi. Dawa yake ni kujumlisha miaka mitatu kabla ya kupiga asilimia.

Tuchukue shule mbili za mfano. Shule ya mlimani ilikuwa na watahiniwa 20, 22 na 21, wakafaulu 18, 14 na 20. Ukitazama mwaka mmoja mmoja unaona asilimia 90, 64 na 95, yaani bembea. Ukijumlisha unapata 52 kati ya 63, asilimia 83. Shule ya barabarani ilikuwa na watahiniwa 96, 101 na 93, wakafaulu 70, 78 na 74. Hao ni 222 kati ya 290, asilimia 77. Kwa hesabu hii ya mlimani inaongoza. Usiandike bado.

Tangu mwaka 2023 Baraza halitangazi tena orodha ya shule bora kitaifa. Orodha unazoletewa kwenye makundi ya simu zimepangwa na mtu mwingine, na mara nyingi hazisemi shule ilikuwa na watahiniwa wangapi.

Waliopotea njiani

Hapa ndipo ulinganisho wa kweli ulipo, na ni wachache wanaoufanya. Chukua mwaka wa mtihani, toa sita, utapata mwaka ambao kundi lile lilianza la kwanza. Waliofanya mtihani 2024 walianza 2018. Sasa uliza: mwaka 2018 darasa la kwanza lilikuwa na watoto wangapi?

Jibu lipo shuleni. Ofisi ya mwalimu mkuu huwa na bango la takwimu ukutani, lenye safu za WAV (wavulana), WAS (wasichana) na JML (jumla) kwa kila darasa. Bango huonyesha mwaka huu. Kwa miaka ya nyuma omba kuona daftari la uandikishaji, au muulize Afisa Elimu Kata, ambaye hukusanya takwimu za shule zote za kata.

Turudi kwenye mfano wetu. Makundi matatu ya shule ya mlimani yalianza na watoto 41, 45 na 44, jumla 130. Waliofika kwenye mtihani ni 63. Zaidi ya nusu hawakufika. Ya barabarani ilianza na 118, 124 na 116, jumla 358, wakafika 290. Gawa waliofaulu kwa walioanza: mlimani ni 52 kwa 130, asilimia 40; barabarani ni 222 kwa 358, asilimia 62. Msimamo umegeuka. Shule iliyokuwa inaongoza ilikuwa inapima nusu tu ya watoto wake.

Usikimbilie kumlaumu mwalimu mkuu kabla ya kuuliza walikwenda wapi. Zipo sababu zisizo na ubaya. Mufindi, kwenye mashamba ya chai na misitu, familia huhama na kazi. Shule mpya ikijengwa kitongoji cha jirani, watoto hugawanywa. Nyingi kati ya shule hizo mpya zimejengwa kwa fedha za BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha shule za msingi. Tena, idadi ya la kwanza inaweza kuwa imevimba kwa sababu ya wanaokariri darasa, kwa hiyo uliza walioandikishwa wapya ni wangapi. Zikishatolewa hizo, kinachobaki ni utoro, kuacha shule, na watoto "dhaifu" wanaosukumwa wahame kabla ya la saba ili wasiharibu wastani. Mwalimu mkuu mwenye kumbukumbu atakwambia mmoja mmoja: huyu alihamia Makambako, huyu alifariki, hawa watatu ni watoro, mtendaji wa kijiji ana majina yao. Asiye na kumbukumbu atasema "wazazi wa hapa hawajali elimu".

Angalia pia uwiano wa wasichana na wavulana kutoka la tano kwenda la saba. Iringa na Njombe zinajulikana kwa wasichana wadogo kuchukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam. La tano likiwa na wasichana 30 na la saba 19, huku wavulana wakibaki vile vile, ulizia kwa makini.

Jambo moja la kalenda. Kwa mpangilio wa mtaala mpya ulioanza Januari 2024, shule ya msingi inaishia darasa la sita, na kundi la kwanza la mtaala huo linamaliza mwaka 2027, pamoja na kundi la mwisho la darasa la saba. Matokeo ya mwaka huo usiyachanganye na ya nyuma. Na shule iliyobanwa na vyumba leo itapata nafuu 2028, kwa kuwa darasa moja zima litakuwa limeondoka.

Siku ya kwenda

Hakuna sheria inayomkataza mzazi kuitembelea shule ya serikali, lakini kuna utaratibu. Piga hodi kwa mwalimu mkuu, au kwa mwalimu wa zamu kama mkuu hayupo, jitambulishe, saini daftari la wageni, useme wazi kwamba unatafuta shule ya mtoto. Usiingie darasani bila kupelekwa. Ukifika na barua fupi ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa, mlango hufunguka haraka zaidi.

Nenda Jumanne, Jumatano au Alhamisi, ufike saa moja na nusu asubuhi. Jumatatu paredi hurefuka na Ijumaa mchana ni usafi na michezo. Siku ya mnada au gulio usiende, isipokuwa kama unataka kujua utoro wa siku hiyo, na hilo nalo ni swali zuri. Kila eneo lina msimu wake wa madawati matupu: Mbarali na Kyela watoto huenda kuamia ndege kwenye mpunga, Njombe na Makete ni viazi, na kila mahali kuna kupanda mahindi mvua za kwanza zinaposhuka. Uliza mahudhurio ya mwezi ule mgumu. Daftari la mahudhurio litajibu kwa namba. Shule yenye watoto 9 kati ya 10 katika msimu wa ndege ina uongozi wa kijiji unaoshirikiana nayo.

La kwanza na la pili

Omba kuona madarasa haya mawili kabla ya mengine. Ukipelekwa moja kwa moja la saba, shukuru, kisha omba tena.

Hesabu watoto waliopo na madawati. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa la msingi na 25 kwa awali, na shule nyingi za mjini huzidi hapo kwa mbali. Usitafute shule yenye 45. Tafuta inayoshughulikia wingi wake. Je, la kwanza lenye watoto 110 limegawanywa mikondo miwili? Wanaingia kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana? Au wote wamejazwa chumba kimoja na mwalimu mmoja, huku la saba la watoto 50 likiwa na walimu wanne wa masomo? Mpangilio huo wa mwisho ni wa kawaida sana, na ndio unaozaa watoto wa la nne wasiojua kusoma. Shule inawekeza pale NECTA inapotazama.

Muulize mwalimu wa la kwanza amefundisha darasa hilo kwa muda gani. Mwenye miaka mitano au zaidi, aliyepata mafunzo ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), ni mali. Shule inayompeleka la kwanza mwalimu mpya kila mwaka, au mwalimu anayekaribia kustaafu kama kumpumzisha, inakuonyesha inachokithamini.

Kisha daftari. Omba matatu ya la pili, ukichukua kutoka madawati ya nyuma. Tazama tarehe: kuna kazi ngapi kwa wiki? Kuandika na kuhesabu kukiwa na kazi tatu hadi nne zilizosahihishwa kwa wiki, hiyo ni shule inayofanya kazi. Tazama kalamu nyekundu. Tiki moja kubwa chini ya ukurasa wenye makosa matano maana yake mwalimu hakusoma. Tiki au mkasi (alama ya X) kwa kila swali, na mtoto kurudia masahihisho chini yake, maana yake alisoma. Tarehe zikiruka wiki mbili mbili, ulizia kwa upole palitokea nini.

Jaribio la kusoma ndilo linalokata maneno. Kwa ruhusa ya mwalimu, chukua kitabu cha la pili cha Taasisi ya Elimu, chagua aya ambayo darasa halijaifikia, hesabu maneno 50 na uweke alama ya penseli. Ita watoto watano wa la pili kwa kufuata mstari wa madawati, siyo waliochaguliwa na mwalimu. Kila mmoja asome kwa dakika moja, kisha muulize maswali mawili kuhusu alichosoma. Kigezo cha kitaifa kwa darasa la pili ni maneno 50 kwa dakika. Ukipima Julai, watoto watatu kati ya watano wakifika 35 au zaidi na kujibu maswali, darasa lipo kwenye njia. Wakiwa wanataja herufi moja moja, hujahitaji karatasi nyingine. Kuchanganya "l" na "r" usikuhesabu kama kosa. Hiyo ni lafudhi ya nyumbani, siyo kushindwa kusoma. Mtoto anayesoma haraka kuliko wote lakini hajui hadithi inamhusu nani amekariri. Mbadilishie ukurasa.

Walimu walioko, siyo walioandikwa

Ikama ya shule, yaani idadi ya walimu iliyoandikwa, inaweza kuonyesha walimu 14. Toa aliye masomoni, aliye likizo ya uzazi, aliyeazimwa na kata, na mwalimu mkuu ambaye nusu ya wiki yuko halmashauri. Umebaki na 10. Gawa wanafunzi kwa hao 10. Uliza pia kama kuna walimu wa kujitolea na nani anawalipa, kwa sababu wakilipwa na wazazi hilo ni gharama yako, na michango ikikauka mwalimu anaondoka katikati ya muhula.

Uliza mwalimu mkuu ameanza lini. Matokeo mazuri ya miaka mitatu iliyopita ni ya yule aliyehamishwa mwaka jana. Hayamhusu huyu aliyekuja Februari. Ni kosa la kawaida kumhamishia mtoto kwenye shule yenye jina wakati aliyelijenga jina hilo yuko wilaya nyingine.

Kambi za la saba, watoto kulala shuleni wiki kadhaa kabla ya mtihani wakifanya majaribio, huinua alama. Hazisemi chochote kuhusu ufundishaji wa miaka sita iliyotangulia. Zikiwepo, uliza ni lazima? Zinagharimu kiasi gani? Nani analala na wasichana?

Chakula

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha udumavu wa watoto chini ya miaka mitano ni asilimia 56.9 Iringa na 50.4 Njombe, mikoa ile ile inayolisha nchi mahindi. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili na chai tupu hasikii kitu saa nne. Kwa hiyo shule inayotoa uji au makande isiwekwe kwenye "mengineyo".

Hesabu ni rahisi. Mwaka wa masomo una siku 194. Makande ya gramu 100 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa mtoto kwa siku yanahitaji kilo 19.4 za mahindi na kilo 5.8 za maharage kwa mwaka, yaani debe moja lililojaa na ziada kidogo, pamoja na maharage yake. Shule inayokusanya nusu debe kwa mtoto itafika kama siku ya 90, kabla muhula wa kwanza haujaisha. Kwa hiyo usiulize "mnatoa chakula?" Uliza "stoo iliisha mwezi gani mwaka jana?" Na uliza mtoto ambaye mzazi wake hakuchangia hufanyiwa nini saa ya kula. Shule nyingine humlisha na kumfuata mzazi kupitia serikali ya kijiji. Nyingine humwacha asimame pembeni akiwatazama wenzake.

Paa, choo na njia

Tukuyu na Busokelo mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka. Darasa la bati lisilo na dari, mvua ikishika, mwalimu haonekani ila mdomo unaochezacheza. Ingia, tazama juu. Ukikuta dari kwenye la kwanza na la pili, umekuta shule inayowaza. Makete na Mufindi tazama madirisha: bila vioo, Juni hadi Agosti watoto huandika mikono ikiwa imekufa ganzi. Sakafu iliyobomoka na kuwa vumbi huleta funza, hasa kiangazi.

Choo kina kiwango chake: tundu moja kwa wasichana 20, tundu moja kwa wavulana 25. Hesabu yanayotumika, siyo yaliyojengwa, kwani la walimu na lililofungwa kwa kufuli hayamo. Fungua bomba. Rungwe bomba lipo na chemchemi ipo, lakini maji yanaweza kuwa hayajatoka tangu Pasaka. Kama mtoto wako ni wa kike, uliza kuhusu chumba cha kujisitiri na mwalimu wa kike wa malezi. Atavihitaji kuanzia la tano.

Njia ipime kwa miguu ya mtoto. Mtoto wa miaka sita hutembea kama kilomita tatu kwa saa, pungufu kwenye tope. Tembea naye saa ya kwenda shule, siyo Jumapili mchana. Barabara kuu ya Iringa–Mbeya hukata miji mingi katikati, na malori hayapungui. Shule nzuri ng'ambo ya lami bila mtu wa kuwavusha watoto ni shule ya kungoja hadi mtoto afike la tatu au la nne. Kyela uliza mto unafanya nini Aprili na Mei. Siku 20 za kukosa shule kwa sababu ya mafuriko ni zaidi ya sehemu ya kumi ya mwaka.

Fedha

Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, na Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka huo unaeleza nani anagharamia nini. Sare, madaftari na chakula vimebaki kwa mzazi. Michango mingine inapaswa kukubaliwa kwenye mkutano na kupata kibali, na mtoto hafukuzwi darasani kwa ajili ya mchango. Andika kila shilingi kwa mwaka: mlinzi, mpishi, karatasi za majaribio ya kila wiki, masomo ya ziada. Shilingi 500 ya jaribio kila Ijumaa, kwa wiki 38, ni 19,000. Uliza kama stakabadhi hutolewa. Kisha tazama ubao wa matangazo, fedha za ruzuku zilizopokelewa na matumizi yake zinapaswa kubandikwa pale. Karatasi ya miaka miwili iliyopita iliyopauka kwa jua ni jibu.

Mjumbe wa kamati ya shule ni chanzo kizuri kuliko mwalimu kwa mambo haya. Muulize walikaa lini mara ya mwisho na wathibiti ubora (wakaguzi wa shule) waliandika nini walipopita.

Viboko

Usione aibu kuuliza. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, kwa mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana kwa mwalimu wa kike, na viandikwe kwenye kitabu. Kama kila mwalimu anatembea na fimbo paredi, kanuni hizo hazifuatwi, na watoto wadogo hujifunza utoro mapema. Keti kivulini mapumziko ya saa nne, uone kama watoto wanamkimbilia mwalimu au wanamkimbia.

Kuamua

Usitoe alama kwa kila kipengele na kujumlisha. Dari nzuri haiwezi kufidia la pili wasiojua kusoma, ila kwenye hesabu ya kujumlisha itafidia. Weka kwanza mambo matatu ya kukataa: njia ya hatari, darasa la kwanza lisilo na mwalimu wa kudumu, na la pili lililoshindwa jaribio la kusoma. Shule ikianguka kwenye moja, iondoe. Zilizobaki zilinganishe kwa waliofika na kufaulu kati ya walioanza, kisha chakula, kisha gharama. Zikikaribiana, chukua ya karibu. Dakika 40 za usingizi kila asubuhi na mzazi anayeweza kufika shuleni akiitwa vina uzito kuliko pointi chache za wastani.

Kama shule zote zinaanguka, na hutokea, chagua yenye mwalimu bora wa la kwanza, halafu ugombee kamati ya shule. Shule za serikali za mchepuo wa Kiingereza zipo katika baadhi ya halmashauri, lakini zina michango mikubwa na huwa mjini. Zipime kwa vipimo hivi hivi, kwa kuwa lugha ya kufundishia haimsaidii mtoto anayekaa nyuma ya wenzake 90.

Kuandikisha na kuhamisha

Uandikishaji wa awali na la kwanza hufunguliwa Oktoba. Awali mtoto awe na miaka mitano, la kwanza sita. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kama hakijatoka, tangazo la kizazi au kadi ya kliniki husaidia wakati unafuatilia cheti RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Wahi wiki mbili za mwanzo. Shule yenye jina ikijaa, mwalimu mkuu ataanza kuwarudisha wanaotoka kitongoji kingine, na atakuwa na haki.

Kwa mtoto anayehama, pata kwanza nafasi kwa maandishi kutoka shule inayompokea, kisha peleka barua kwa mwalimu mkuu wa sasa. Kila mwanafunzi ana namba ya PREM kwenye mfumo wa Baraza, na uhamisho haujakamilika mpaka shule ya kwanza imemtoa na ya pili imempokea humo. Kuwa na barua tu mkononi hakutoshi: mtoto anaweza kukaa darasani mwaka mzima huku jina lake liko kwingine, na tatizo likafumuka wakati wa kusajili watahiniwa. Epuka kumhamisha akiwa la nne au darasa la mwisho baada ya usajili wa mtihani kufanyika. Muda mzuri ni Desemba, shule zikifungwa, na kabla ya kuondoka mwombe mwalimu wa darasa akuonyeshe namba ya PREM ili uiandike nyuma ya daftari la mtoto.